Zawadi ya Yaya Anayeondoka Hadado: Noti, Mbuzi au Simu?

Yaya anayeondoka Hadado, huku Wajir Magharibi, huondoka na mzigo unaoingia kwenye buti ya Probox, au unaofungwa kwa kamba juu ya gari la mizigo linalokwenda Wajir mjini. Kama kwao ni Mwingi, kuna siku nzima ya basi mbele yake, Habaswein hadi Garissa, kisha barabara ya Thika mpaka ateremke. Kama kwao ni badia, huko malishoni upande wa Arbajahan, kilomita ni chache zaidi, lakini mahali fulani gari litamshusha na kuendelea na safari yake, naye atamalizia kwa miguu. Kwa hiyo anayetaka kumnunulia zawadi ya kuagana aanze kwa kuuliza kitu hicho kitabebwaje, na kikifika kitawekwa wapi. Bei ifuate baadaye. Godoro zuri la elfu nane lisiloingia kwenye gari litabaki kwako, na shukrani zake zitabaki nalo.

Wanaolea watoto wa watu hapa ni wa aina mbili hasa. Yupo binti wa familia ya wafugaji, mara nyingi ndugu wa mbali wa mwenye nyumba, aliyeletwa mjini mifugo ilipopungua. Na yupo mwanamke wa kutoka kwingine, Ukambani kwa mfano, aliyekuja na mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi huku. Wa kwanza huitwa ndugu, na kwa sababu ni ndugu hesabu yake haiandikwi popote. Wa pili huitwa mfanyakazi, na angalau mshahara wake unajulikana. Wote wawili sheria ya Kenya inawatambua kwa jina moja, mfanyakazi, na hapo ndipo gharama ya kuagana inapoanzia, kabla hujafungua mlango wa duka lolote.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili. Inampa siku moja ya mapumziko katika kila saba. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au mshahara wa siku hizo badala yake. Na mkataba wake ukifika mwisho, anastahili malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi, isipokuwa kama ulikuwa ukimwekea akiba NSSF au mfuko mwingine wa uzeeni. Kifungu chenyewe hakitaji idadi ya siku, ila mazoea yaliyoota mizizi, hata katika mahakama za kazi, ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka.

Tuweke tarakimu. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kuwa zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa. Kwa maeneo yaliyo nje ya miji iliyotajwa, Hadado ikiwemo, liliweka karibu shilingi 8,600. Zipo nyumba zinazolipa chini ya hapo, na wenye nyumba wanajijua. Sasa chukua binti aliyefanya kazi miaka miwili kwa 8,600, hakuwekewa NSSF, na mwaka wa pili hakwenda likizo. Siku 15 za mshahara ni 4,300. Kwa miaka miwili ni 8,600. Likizo ya siku 21, ukigawanya mshahara kwa siku 26 za kazi za mwezi, ni kama 6,950. Jumla ni zaidi ya shilingi 15,500, na hapo hujatia mshahara wa mwezi wa mwisho wala notisi.

Mwenye nyumba anayempa binti huyu bahasha ya elfu kumi na madera mawili, huku majirani wakisema mashallah, bado ana deni lake la zaidi ya elfu tano. Hili ndilo linalonikera katika mazungumzo ya zawadi za mayaya: mambo mawili huchanganywa katika bahasha moja, na bahasha hupambwa kwa neno la heshima ili isihesabiwe. Haki iwekwe mkononi peke yake, itajwe kwa jina lake, ihesabiwe mbele yake. Zawadi ije siku nyingine, au hata saa nyingine ya siku hiyohiyo. Waumini wa hapa wameisikia mara nyingi msikitini hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la miaka miwili ya kubeba mtoto mgongoni linastahili haraka hiyohiyo.

Kuna mchanganyiko mwingine unaotokea sana Ramadhani inapokaribia, wa zaka. Yaya akiwa maskini anaweza kupewa zaka kama maskini mwingine yeyote. Lakini wanazuoni wako wazi kwamba zaka hailipi deni la mtoaji, wala haisimami mahali pa mshahara. Ukitoa zaka yako kwa dada wa kazi ukaihesabu kuwa ndiyo malipo yake ya utumishi, hakuna hesabu uliyoifunga kati ya hizo mbili.

Haya, deni limelipwa, na mfukoni umetenga elfu kumi za zawadi yenyewe. Nimechagua kiwango hicho kwa sababu ndicho ambacho vitu vingi vya kweli hukizunguka: mbuzi mmoja, simu ya kawaida, nguo za kutosha na chenji, au noti kumi za elfu moja.

Noti kwanza, maana ndizo wapokeaji wengi wangechagua kama wangeulizwa, na ndizo watoaji wengi huona zinakosa adabu. Sijui ukosefu wa adabu uko wapi. Pesa haiozi, haina saizi, haihitaji maji. Ubaya wake ni kwamba ikionekana inagawanywa. Binti akishuka kwenye gari na bahasha, kuna mjomba mwenye mgonjwa, kuna kaka mwenye karo, na kuna aliyepanda naye gari akamwona akihesabu. Ndiyo sababu M-Pesa ina faida isiyo ya bei: salio halionekani kwenye mkoba.

Bei nayo ina ujanja wake mdogo. Ukimtumia shilingi 10,000 kutoka kwenye simu yako utakatwa 90, naye akizitoa kwa wakala atakatwa 115. Ukizigawa mara mbili, elfu tano leo na elfu tano wiki ijayo, wewe utakatwa 57 mara mbili na yeye 69 mara mbili. Ni 252 badala ya 205. Lakini njia iliyo nafuu kuliko zote ni kwenda naye kwa wakala na noti zako, yeye akiwa na simu na kitambulisho chake, ziwekwe moja kwa moja kwenye laini yake. Kuweka ni bure. Atasafiri bila noti hata moja, na atazitoa atakapotaka, kwa kiasi atakacho. Ongeza ile 115 juu ya elfu kumi kama unataka zimfikie kamili.

Yote hayo yanahitaji laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na huku kwetu jambo hilo si la kuchukuliwa hivihivi. Kwa miongo mingi watu wa kaunti za mpakani walipitishwa kwenye ukaguzi wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotia saini, akiwa Wajir, agizo la kuuondoa. Wako mabinti waliofika utu uzima wakitumia laini ya kaka au ya mwajiri. Kama yaya wako ni mmoja wao, basi zawadi yenye thamani kuliko zote huenda isipite dukani: siku chache za ruhusa yenye malipo, nauli ya kwenda ofisi ya usajili, na mtu mzima wa kumsindikiza. Ianze miezi kabla ya kuondoka, si wiki ya mwisho. Bila kitambulisho, pesa yake itaendelea kuingia kwenye simu ya mtu mwingine maisha yake yote.

Sasa mbuzi. Hapa ndipo watu wa Hadado huchangamka, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mbuzi jike mwenye afya, wa aina hii yetu ya Galla, mweupe, mrefu wa miguu, mvumilivu wa kiu, kwa kawaida huuzwa kati ya elfu tano na elfu kumi kulingana na umri, unene na msimu. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Elfu kumi ya noti inabaki elfu kumi au inapungua. Elfu kumi ya mbuzi, mvua zikinyesha, mwakani ni mbuzi na mwanambuzi, na kikombe cha maziwa ya chai. Kwa binti anayerudi kwenye mji wa wafugaji, ambako wapo wa kuchunga na kuna mifugo mingine ya kufuatana nayo, hakuna kitu kingine cha bei hiyo kinachoweza kuzaa.

Hayo ni mvua zikinyesha. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa kunyesha ipasavyo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Wajir ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Katika hali kama ile bei ya mbuzi huporomoka sokoni, kwa kuwa kila mtu anauza na hakuna anayenunua, na hapo hutokea mkarimu wa bei ya kutupa: anamnunulia yaya mbuzi aliyekonda kwa elfu mbili na mia tano na kumwambia ampeleke nyumbani. Amempa mzigo wa kulisha. Ukitaka kutoa mbuzi, toa baada ya mvua za gu, yaani za masika, majani yakiwa yameota, au deyr, yaani vuli, ikishashika. Ukiwa katikati ya kiangazi, weka thamani ya mbuzi kwenye M-Pesa yake na umwambie ndiyo ya mbuzi. Atanunua mwenyewe akiona mawingu.

Jambo la pili kuhusu mbuzi ni mwenyewe nani. Akiingia kwenye zizi la baba bila neno, kesho ni wa baba, na keshokutwa ni mahari ya kaka. Mkabidhi yaya mbuzi wake mbele ya mashahidi wawili watatu, mmoja wao awe mzee wa upande wake, na kama familia ina alama yake ya kutia, jike huyo awe na alama ya ziada ya kumtambulisha. Wenzetu wa badia wanalijua hili kuliko mimi. Kinachosahaulika ni kulitumia kwa msichana wa kazi kama lilivyotumiwa kwa kijana wa kiume aliyechunga ngamia wa watu kwa mwaka akalipwa ndama.

Wajir pia ndiko bima ya mifugo ya Kiislamu ya kutumia setilaiti ilikoanzia mwaka 2013, kupitia kampuni ya Takaful: setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka juu, na ukishuka chini ya kiwango mwenye bima analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Serikali nayo ikaanzisha mpango wake mwaka 2015, ikianza na Wajir na Turkana. Kwa mbuzi mmoja wa zawadi bima haina maana. Kwa familia ya yaya yenye kundi la mbuzi thelathini, mchango wako kwenye bima ya msimu unaweza kuzidi thamani ya mbuzi wa thelathini na moja.

Na kwa yule mwanamke wa Mwingi? Mbuzi wa Hadado si wake. Hatapanda naye basi, na kumsafirisha mnyama kutoka kaunti hadi kaunti kunahitaji kibali cha daktari wa mifugo. Wapo wanaomwambia, "Mbuzi wako tutakutunzia hapa, akizaa tutakupigia." Simu hiyo haipigwi.

Vitabu vya sira vina mfano unaofaa hapa. Halima wa Banu Saad, aliyemlea na kumnyonyesha Mtume akiwa mchanga huko jangwani, alikuja Makka miaka mingi baadaye kulalamikia ukame uliowaangamizia mifugo. Mapokezi yanasema Bi Khadija alimpa kondoo arobaini na ngamia wa kumbeba. Thuwayba naye, aliyemnyonyesha kabla ya Halima, alikuwa mkazi wa mjini. Akiwa Madina, Mtume aliendelea kumtumia nguo na mahitaji mpaka Thuwayba alipofariki. Walezi wawili wa mtoto mmoja: wa badia akapewa mifugo na kipando cha kurudi nacho, wa mjini akapewa nguo na kukumbukwa mara kwa mara. Anayedhani kuna zawadi moja inayowafaa mayaya wote atazame hapo.

Kwa nguo nitapita haraka. Dera la kawaida la kuvaa nyumbani ni kati ya mia tano na elfu moja mia tano. Dirac, lile gauni la Kisomali la harusini, na garbasaar yake, yaani mtandio, hupanda kutoka elfu tatu na kuendelea bila dari, hasa ikiwa imetoka Eastleigh. Nguo ni zawadi ya kufunika nyingine, na peke yake ni ndogo kwa aliyelea. Mpe dada Mkristo kitu atakachovaa kwao: leso nzuri, shuka, au sweta, maana Mwingi asubuhi ya Julai si Hadado. Jilbabu kwake itakuwa kumbukumbu ya sandukuni. Na jamani, nguo zako ulizochoka nazo ni kitu kizuri kutoa mwezi wowote wa mwaka, ila siku ya kuaga zisihesabiwe.

Dhahabu ina heshima kubwa kwetu, na kuna wakati ilikuwa chaguo la busara hata kwa mwenye mfuko mdogo. Wakati huo umepita. Oktoba 2025 aunsi moja ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Aunsi ni gramu 31 na kidogo, kwa hiyo gramu moja halisi ilikuwa kama dola 129, yaani zaidi ya shilingi 16,000 kwa thamani ya shilingi ya wakati huo. Ya karati 21, ambayo kwa kila sehemu 24 ina 21 za dhahabu, inakuwa kama 14,500 kabla ya sonara kuweka ufundi wake. Elfu kumi yako haifiki gramu moja. Utapewa hereni nyembamba ambazo akienda kuziuza ufundi hautahesabiwa, na bila risiti atapunjwa hata uzito. Mwenye elfu thelathini na yaya wa miaka sita anaweza kufikiria pete ya maana. Mwingine aiache.

Simu ndiyo zawadi ninayoiona ikitolewa zaidi siku hizi, hasa na wenye nyumba vijana, na ina mtego wake. Simu ya kawaida yenye intaneti, isiyo na makuu, hupatikana kwa elfu nane hadi kumi na mbili. Ni chombo cha kutafutia kazi nyingine, cha kupokelea pesa, cha kumwona mtoto aliyemlea kwenye video siku ya Idd. Lakini kuna simu za kulipia kidogo kidogo, mtindo ambao Safaricom iliuzindua mwaka 2020 kwa jina la Lipa Mdogo Mdogo na wengine wakaufuata: unatanguliza kiasi kidogo, kisha shilingi kadhaa kila siku, na ukiacha kulipa simu inajifunga. Mwenye nyumba anayetanguliza elfu moja na kumkabidhi dada simu ya namna hiyo amempa deni lenye kioo. Kama ni simu, iwe imelipwa yote.

Cherehani hutajwa sana, na kwa sura ni zawadi ya kupendeza: imara, ya heshima, ya kujitegemea. Ya miguu huanzia kama elfu kumi na tano, kwa hiyo imeshavuka mfuko wetu, na inahitaji usafiri wake. Kikubwa zaidi, cherehani kwa asiyejua kushona ni meza. Nunua kama ulimwona akishona, au kama umelipia mafunzo kwanza. Mafunzo ndiyo yanayofaa yaya kijana kuliko vyombo. Griftu, mji wa jirani katika Wajir Magharibi hiihii, una chuo cha wafugaji, na vyuo vya ufundi vya kaunti vipo Wajir mjini. Muhula mmoja uliolipiwa moja kwa moja kwa mhasibu wa chuo, na risiti ikaandikwa jina lake, hauwezi kugawanywa na mjomba yeyote.

Hapa niseme neno moja kuhusu umri. Sheria inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 haruhusiwi ila kazi nyepesi isiyomharibia masomo. Kukaa na mtoto mchanga kutwa nzima si kazi nyepesi. Kama "yaya" anayeondoka nyumbani kwako ana miaka kumi na miwili, huna haja ya ukurasa huu wa zawadi. Mpeleke shule, ulipe sare na bweni.

Afya haimo kwenye orodha ya watu wengi, ila kwa bei ni ya ajabu. Asiye na mwajiri hulipia bima ya SHA kulingana na kipato chake, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kwa kawaida hutolewa mara moja. Kwa wengi ugumu uko hapohapo: mia tatu wanazo, elfu tatu na mia sita kwa mkupuo hawana. Msajili kama hajasajiliwa, mlipie mwaka mmoja, na bado una zaidi ya elfu sita kwenye elfu kumi yako. Kwa mama mwenye watoto wake aliowaacha Mwingi akalea wa kwako, ningeanza hapa kabla ya kitu kingine chochote. Alipokuwa kwako, bila shaka ulikuwa ukimkatia bima hiyohiyo, ile asilimia 2.75 ya mshahara. Na kama hukuwa ukimkatia, unajua pa kuanzia.

Kuna kitu kimoja cha Hadado ambacho dada wa Mwingi hawezi kukipata kwao, kinabebeka, na hakiharibiki njiani: nyirinyiri. Nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye samli yenye iliki, hukaa miezi bila friji. Kilo moja kwenye kopo lililofungwa vizuri ni zawadi kwa mama yake, na yaya anayefika kwao na zawadi ya mama amefika kwa heshima. Maziwa ya ngamia usijaribu. Yatafika Garissa yakiwa kitu kingine.

Usafiri wenyewe ni sehemu ya zawadi, na kwa asiye wa huku ni sehemu nzito. Tarehe 22 Novemba 2014 washambuliaji walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, walijaribu tena. Abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa, wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku ile, akafariki mwezi uliofuata. Hali imebadilika na magari yanapita kila siku, lakini dada wa Ukambani anayepanda basi Wajir peke yake hajasahau. Nauli ya Wajir hadi Nairobi huwa kati ya elfu mbili na elfu tatu. Usishangae akitozwa karibu hiyohiyo hata kama anateremka Mwingi. Mlipie, pamoja na gari la kutoka Hadado. Asafiri na mtu wa nyumba yako anayekwenda Garissa, au mwanamke mnayejuana naye, hata kama ni kumsubirisha siku tatu akila na kulala kwako. Ndege ya Wajir kwenda Nairobi ni mara kadhaa ya nauli ya basi, na kwa kipimo cha zawadi sioni kama inafaa, ila kwa mjamzito au mgonjwa.

Ndugu walio Minneapolis au Nairobi nao waambiwe mapema. Shangazi ambaye mama yake mzazi alihudumiwa na dada huyohuyo, pamoja na watoto, hatakosa dola hamsini za kutuma kwa hawala, na dola hamsini za watu watatu zinageuza mbuzi kuwa cherehani na mafunzo. Zikija, zitajwe zote mbele yake. Michango ya yaya ina tabia ya kufika nusu.

Mwisho ni karatasi, ambazo hazigharimu kitu na ndizo husahaulika zaidi. Cheti cha utumishi ni haki yake chini ya kifungu cha 51 cha sheria ileile: jina lako na lake, alianza lini, alifanya kazi gani na wapi, aliacha lini. Anayekataa kukitoa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi laki moja au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Ukiweza, ongeza barua ya pili ya maneno yako: kwamba alimlea mtoto tangu wiki ya tatu, anajua kumtengenezea mgonjwa maji ya chumvi na sukari, hakuwahi kuondoka bila kuaga. Weka namba yako ya simu, na upokee ikipigwa.

Na ile desturi ya kumfungulia dada sanduku mlangoni siku ya kuondoka, eti kuhakikisha, iachwe. Badala yake orodhesha ulivyompa: simu ya aina fulani, madera mawili, kopo la nyirinyiri, shilingi kadhaa kwenye laini yake. Tia saini na tarehe. Simu iende na boksi lake na risiti yenye jina lake, ili askari wa kizuizi cha Garissa, au shemeji mwenye maneno, akiuliza msichana wa kazi alipata wapi simu mpya, awe na la kumwonyesha.